Karata ya Mwezi

Nafasi ya masomo ng'ambo ilikuwa moja, na mama yao mgonjwa hakuweza kuachwa peke yake. Salha na kaka yake Mshamu wakakubaliana waamue kwa karata: atakayeshinda ndiye aende. Tangu asubuhi kila mmoja alijenga fungu lake, karata baada ya karata, huku ukungu ukiingia dirishani.

Salha alikuwa na karata ya mwezi. Humrudishia mchezaji yeyote karata aliyoipoteza, lakini hutumika mara moja tu, kisha hutolewa mchezoni.

"Bado unaibania," Mshamu alisema.

"Naingoja saa yake."

Alasiri saa ikafika. Salha angejirudishia karata ya nyota aliyokuwa ameipoteza, angeshinda. Lakini mama alikohoa chumbani, na Salha akahisi miguu yake imeota mizizi pale pale, bila uchungu wowote. Akaweka mwezi mezani, akamsogezea Mshamu karata ya mfalme ambayo Mshamu alikuwa ameipoteza.

"Salha, utashindwa."

"Kanuni inasema mchezaji yeyote, kaka."

Mshamu alimpokea mfalme kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto mchanga, akabaki amemshika hivyo, bila kumcheza.