Kiwanja cha Tenisi pale Supamaketi

Tulikutana kwenye maegesho ya supamaketi iliyofungwa, mtaa mzima, kujadili ombi langu la kujengewa kiwanja cha tenisi hapohapo. Siku hizi kila kiwanja kinachojengwa humrudisha marehemu mmoja, kwa muda wa saa moja kila Jumamosi, naye hucheza vile majirani walivyoapa kwamba alikuwa akicheza. Mimi niliomba arudishwe marehemu mke wangu, Rukaiya.

"Mashahidi wawili," akasema karani.

Bi Mwanamvua, muuza vitumbua, akainuka. "Rukaiya? Masikini, hakuwahi kumshinda huyu mzee hata siku moja!"

"Mipira yake yote ilikuwa ikiishia bandani kwa kuku wangu," akadakia Mzee Chambuso. "Mwenyewe katuhadithia miaka thelathini!"

Watu wakaangua kicheko. Hadithi hizo zilikuwa zangu zote. Tulicheza alfajiri, wawili tu, na kila alfajiri Rukaiya alinitoa jasho na kunishinda. Halafu alikuwa akinipangusa uso kwa kanga, akisema, "Haya, bwana mkubwa, nenda ukawaambie umeshinda."

Nikasimama. "Jamani, nilidanganya. Yeye ndiye aliyekuwa akinishinda mimi."

Walicheka mpaka machozi. "Huyu mzee kwa uongo, hajambo!" Karani naye, huku akicheka, akagonga muhuri kwenye ushahidi wa wale wawili.

Sasa kila Jumamosi Rukaiya anakuja, na kanga yake ileile. Nampelekea mpira laini kabisa, wa kumbembeleza. Anaupiga kwenye wavu, ananitazama kwa upole, anasema, "Umeshinda tena, mume wangu."