Goti la Kushoto

Lwitiko alimkabidhi kocha wake, Mama Nsia, jezi ya chuo. Nje ya uwanja wa kikapu, gari la klabu ya kulipwa iliyotaka kumsajili lilikuwa limekuja kumchukua.

"Umebakiza mwaka mmoja tu, mwanangu," alisema Mama Nsia. "Maliza masomo kwanza, ndipo ukacheze kwa mshahara."

"Goti halitanisubiri, Mama."

Neno lilimponyoka. Kocha akamtazama. "Goti gani?"

Kesho daktari wa klabu angempima Lwitiko kabla hajatia saini mkataba, na siri ya maumivu ya goti hakuwa amemwambia mtu.

Mama Nsia alipiga magoti sakafuni, akaanza kubonyeza goti la kulia la Lwitiko polepole. Dereva akapiga honi. Lwitiko akakaza uso, vidole vya kocha vikihamia mguu wa kushoto.