Gauni la Binti Mfalme

Ndani ya jumba la makumbusho la Prado, kwenye ukumbi wa picha za wafalme, Casilda aliganda mbele ya picha ya binti mfalme. Gauni lilikuwa la waridi, likimeremeta.

"Wamelipaka rangi upya," alimnong'oneza mdogo wake.

"Acha ushamba, dada! Hii ndiyo yenyewe. Ile ya kalenda kwa mama ilifubaa kwa moshi."

Miaka yote, juu ya jiko lao, binti huyo alivaa kahawia. Mama akikaanga viazi alikuwa akimtania: "Na wewe njoo ule, mwanangu, umekonda."

Casilda alisogea, akanusa. Hapakuwa na harufu ya mafuta.

"Ile yetu iko wapi?"

"Nimeitupa asubuhi, nikisafisha nyumba ya marehemu mama."

Casilda alishageuka, akiutafuta mlango wa kutokea, karibu akimbie.