Dakika Tano Dirishani

Kwiii. Bawaba za dirisha zililia kabla hakujapambazuka, na dobi mstaafu akatoa kichwa nje kama kobe aliyelazimishwa.

Upepo wa baridi ukampiga kifuani. Akaulaani, akafunga koti hadi kidevuni, kisha akainua mkono wa kulia na kuanza kumpungia mtu asiyemjua, kwenye jengo la ng'ambo ya barabara.

Ilikuwa siku ya thelathini, na ya mwisho.

Tangu mkewe afariki, dobi alikuwa amenuna mpaka majirani wakauzoea uso ule. Binti yake alimpeleka zahanati, na muuguzi mmoja mpole akamwandikia mambo matatu ya kufanya kila asubuhi ili moyo uchangamke. Alipofika nyumbani dobi aliipiga pasi ile karatasi, maana hakuwahi kuvumilia mikunjo. Siku hiyo mawazo yake yalikuwa mbali. Pasi ikakaa mno, ikaacha doa la kahawia. Akaibandika ukutani hivyo hivyo.

Kunywa maji, glasi moja. Kutandika kitanda. Kupunga dirishani, dakika tano.

"Dakika tano!" alimlalamikia binti yake kwenye simu. "Kwani mkono wangu ni pangaboi?"

"Baba, fanya ulivyoambiwa. Nakupa mwezi mmoja. Nikisikia umecheka hata mara moja, utabaki kwako. La sivyo nakuja na gari, nabeba vyombo, nakubeba na wewe."

Hakusema kwa ubaya. Kila Jumapili binti huyo alimpikia chakula cha siku tatu, akamsugulia masufuria bila kumwambia mtu. Lakini dobi hakutaka kuhama. Meza ya pasi ilikuwa bado palepale, pale aliposimama miaka mingi, yeye akinyoosha, mkewe akikunja.

Basi akapunga. Maji yalimjaza tumbo tu. Shuka alizinyoosha zikang'aa, na kitanda kikazidi kuonekana kipana. Ila kilichomchoma zaidi kilikuwa kule ng'ambo. Kila alfajiri taa iliwaka, na nyuma ya kioo alikaa mwanamke mzee, akimtazama waziwazi. Hakujibu hata siku moja. Hakuinua mkono, wala hakutikisa kichwa.

"Salamu haigharimu kitu," dobi alinung'unika. "Huyu anajiona nani?"

Leo gari lilikuwa linakuja saa tatu. Alipunga dakika tano, akaongeza ya sita, mpaka bega likawaka moto. Mwanamke akamkodolea macho tu.

"Basi! Imetosha!"

Akaibandua karatasi, akashuka ngazi na ndara zake, akavuka barabara, akagonga mlango kwa ngumi.

Aliyefungua ni muuguzi yule yule.

"Mzee! Karibu. Nani kakwambia napitia hapa kabla ya kwenda kazini?"

"Sikukufuata wewe. Nimemfuata huyo wa dirishani! Mwezi mzima nampungia, ananitazama kama naomba chumvi. Yako nimeyafanya yote, na leo nahamishwa!"

Muuguzi alisogea kando, ampishe.

Bibi alikuwa kitini karibu na dirisha. Mkono wake wa kulia ulilazwa juu ya mto, umelegea kama nguo iliyolowa.

"Kiharusi," muuguzi akasema taratibu. "Miezi minne mkono huu haukutikisika. Sasa mwanawe anasema kila alfajiri anataka akalishwe hapa, anahangaika kuuinua mpaka jasho linamtoka. Akiulizwa sababu, hasemi."

Bibi alimtazama dobi. Akauma mdomo. Vidole vikatetemeka, kiganja kikaachana na mto, kikapanda kama upana wa vidole viwili, kikapunga. Mara moja tu, kisha kikaanguka.

Dobi hakujua aiweke wapi hasira yake. Akampa muuguzi ile karatasi, maana mikono ilihitaji kazi.

"Basi ahsante kwa hili la tatu," akasema. "Ingawa dakika tano ni nyingi, mama. Ni nyingi mno."

Muuguzi akasoma. Akakunja uso. Akaielekeza karatasi kwenye taa, pale penye doa la pasi, akaisoma tena.

"Mzee," akasema, "hapa niliandika 'kupunga upepo'."

Dobi akalitazama koti lake, lililofungwa hadi kidevuni. Kicheko kikamponyoka, kikubwa, mpaka akashika ukuta.

"Usimsikilize huyo," bibi akasema polepole, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Kesho upunge vilevile. Ukimaliza... uje tena."