Bisibisi ya Bi Gaik Sim

“Hii ram ni ya kijani tu? Nyekundu hakuna?”

Shahrul aliinua kichwa. Tangu aanze kufungua kompyuta za watu pale George Town, alikuwa hajawahi kuulizwa swali kama hilo.

“Shangazi, hicho kibao cha kumbukumbu kinakaa ndani kabisa ya kompyuta. Rangi yake nani ataiona?”

“Mume wangu ataiona. Yule ana jicho. Akiletewa kitu cha ovyo, hanyamazi.”

Bi Gaik Sim alikipima kibao kwa vidole, urefu kisha upana, akakirudisha kwenye kaunta bila kukinunua. Kwa wiki kadhaa sasa alikuwa akija kila asubuhi na kahawa mbili, zimefungwa kwa uzi ndani ya mifuko ya plastiki, moja yake na moja ya fundi. Anaketi, anavuta laptopu moja mbovu iliyotelekezwa na mwenyewe, anajifunza. Mwanzoni Shahrul alimwona msumbufu. Siku hizi akichelewa, fundi huyo huchungulia ngazi.

Mikono ya Bi Gaik Sim ilikuwa imeshazoea. Alifungua skrubu na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa, akapuliza vumbi la feni, akafuta ile dawa kavu ya kupoza joto na kupaka nyingine, kiasi cha punje ya mchele.

Yote hayo kwa ajili ya Chin Hoe, mumewe. Zamani alikuwa akija kila baada ya siku chache. Anakaa ukingoni mwa kitanda, wanapiga soga mpaka kunakucha. Mwaka jana Bi Gaik Sim akampelekea laptopu ili asichoke kukaa bure huko aliko. Tangu hapo amekuja mara moja tu. Alisimama mlangoni usiku, akasema mashine inaganda, akaondoka bila kugusa chai.

Wifi yake alimwambia, “Mwache atulie huko. Unamsumbua wa nini?” Rahisi kusema, kwa mtu ambaye mumewe anakoroma ubavuni. Bi Gaik Sim alikuwa mpweke, na upweke wake ulikuwa mbaya zaidi jioni, wakati wa kupakua wali wa mtu mmoja. Alitaka mumewe aache kununa, aje waongee.

“Kwani huko hakuna fundi?” Shahrul aliuliza.

“Wapo, nadhani. Lakini Chin Hoe hamwombi mtu kitu. Na yeye mwenyewe hata balbu hajui kubadilisha! Ataikodolea macho tu, amevimba.”

“Basi nipe namba yake, nimwelekeze kwa simu. Au siku nikipata nafasi niende mwenyewe, nikamtengenezee.”

Bi Gaik Sim alimchapa mkononi, tena kwa nguvu. “Koma! Una watoto wadogo wewe. Usirudie kusema hivyo!”

Shahrul alicheka. Alidhani bibi anamhurumia nauli.

“Haya, nimekoma. Sasa si umtume mtoto wako?”

“Hatukujaliwa.” Alirudisha kibao cha ile laptopu mbovu mahali pake, akakibana mpaka kikalia vizuri. “Ndiyo maana najifunza. Mimi nitamfuata, siku si nyingi. Na nikishaondoka, hapa habaki wa kututumia hata skrubu. Sitaki tukae wawili, wazee wazima, tunatazamana na mashine iliyokufa.”

“Utanikumbuka lakini, ukifika?”

“Nitakukumbuka, mwanangu. Ila usingoje simu.”

Akafunga skrubu ya mwisho, akabonyeza kitufe. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha feni ikaanza kuvuma na kioo kikawaka. Bi Gaik Sim alifunika mdomo kwa viganja, machozi yakamlengalenga.

“Shangazi umefuzu!” Shahrul aliruka kutoka kwenye kiti. “Kesho nafunga duka, kazi yote ije kwako.” Akafungua droo, akatoa bisibisi yake ndogo kuliko zote, yenye mpini wa njano, ile asiyomwazima mtu. “Chukua. Nenda nayo.”

Bi Gaik Sim aliigeuzageuza, akaipenda, akamrudishia.

“Hii haitafika, ni ya chuma.”

“Kweli. Pale uwanja wa ndege wataichukua.”

Bi Gaik Sim aliichukua tena. Aliilaza bisibisi juu ya kipande cha boksi, akaizungushia penseli mpaka umbo lake likatoka sawasawa, mpini na ncha. Akakunja boksi, akaagana na fundi kwa kumshika mkono wake muda mrefu, akateremka ngazi. Mtaani aliingia kwa Mzee Teik Beng, mtengenezaji wa vitu vya karatasi, aliyekuwa akimngoja na mkasi na gundi.

Jioni majirani walikuwa wamejipanga kando ya mtaro, wanawachomea wafu wao nguo na nyumba za karatasi, ziwafikie huko waliko. Bi Gaik Sim aliwasha moto wake. Alitia motoni ram mbili nyekundu za karatasi, akatia feni ya karatasi, na mwisho bisibisi ya karatasi yenye mpini wa njano. Akaliita jina la Chin Hoe kwa sauti, mzigo usije ukapokewa na mwingine, akamwambia asiifungue mashine peke yake, amngoje.