Nafasi Moja ya Uuguzi

Kengele ilipolia, Rochelle aliandika jibu sahihi kabisa mahali pasipo pake, na Delaney akaona.

Mtihani wa anatomia pale chuoni haukuwa wa kukaa. Meza zilipangwa kuzunguka maabara nzima: hapa moyo wa kondoo, pale figo ya nguruwe, kule jicho la ng'ombe, kila kimoja kimechomwa pini. Unatazama pini ilipo, unaandika jina, kengele inalia, unasogea meza inayofuata. Kila mwanafunzi huanzia meza yake, na hapo ndipo penye mtego. Ukianzia meza ya tisa, jibu lako la kwanza unaliandika mstari wa tisa wa karatasi ya majibu. Mwalimu wao, Dokta Pruitt, aliwaambia hivyo mpaka povu likamtoka.

Rochelle alianzia meza ya tisa. Akaandika mstari wa kwanza.

Delaney alikuwa meza ya nane, nyuma yake tu. Kukohoa kungetosha. Alifungua mdomo, akaufunga.

Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa imetoa nafasi moja. Atakayeongoza darasa hili angechukuliwa kusomea uuguzi, ada imelipwa, chumba kipo. Wengine walishakata tamaa. Walibaki wawili, na hao wawili darasani walikaa meza moja.

Delaney alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa sekondari aliyeruhusiwa kusoma chuoni asubuhi na kurudi shuleni kwao mchana. Wa aina yake pale walijificha kama wezi, maana wakubwa wakishakujua ni utani kila siku. Siku ya kwanza, kabla hawajashuka kwenye gari la Rochelle, alimkomalia kabisa.

"Usimwambie mtu mimi ni wa sekondari. Huko ndani mimi mwanafunzi tu, kama wewe."

"Haya bibi mkubwa," Rochelle akacheka.

Basi wakaitana kwa majina, Delaney na Rochelle, ingawa mwenzake alikuwa na miaka arobaini na moja. Chuoni kwao hilo halikumshangaza mtu.

Rochelle alifanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, kuwainua, kuwaogesha, kuwageuza. Alikuja darasani akitokea zamu, macho mekundu, na bado alijua kuliko wote. Mifupa ya kiganja Delaney alijifunzia kwenye kiganja cha Rochelle mwenyewe. "Minya hapa. Unaitwaje huu? Hapana, minya tena, usione haya." Akikosea, walianza upya. Wakati wa mapumziko Rochelle alimgawia mkate wake, na siku moja akanyoosha mkono kumfuta haradali kidevuni, kisha akaurudisha haraka kabla watu hawajaona.

"Nyie wawili mtatuua," jamaa mmoja wa meza ya jirani alikuwa akiwaambia. "Tuachieni hata makombo!"

Yote hayo yalikuwa mazuri mpaka wiki iliyopita, kwenye gari.

"Del, nikiipata mimi, usininunie," Rochelle alisema. "Wewe una miaka mingi mbele yako. Mimi magoti yamekwisha, sibebi wazee mwaka mwingine."

"Kwa hiyo mimi nisubiri."

"Nimesema usininunie tu."

Delaney akanuna hapo hapo. Subiri, subiri, kila mtu subiri! Wangapi walisubiri kwenye kimji chao kile, na sasa wanapanga makopo dukani? Alitaka kuondoka. Alitaka kuondoka mwaka huu huu, na aliyemzibia njia alikuwa kwenye usukani akiimba na redio.

Sasa, mle maabara, kengele ililia tena. Rochelle akasogea, akaandika mstari wa pili. Aligeuka kidogo, akamkonyeza Delaney kumtia moyo. Roho ilimuuma msichana, hilo tusimnyime. Lakini alikuwa na meza nyingi za kusema neno, na kwa kila meza alinyamaza upya.

Kabla ya saa sita mchana Dokta Pruitt alimaliza kusahihisha, akaanza kuwaita mmoja mmoja. Rochelle alipoingia ofisini, Delaney alisikia kila kitu kutoka kwenye korido.

"Dokta, majibu yangu yote ni sahihi! Yamesogea tu."

"Naona, Rochelle. Na inaniuma. Lakini niliwaonya. Nikikusogezea wewe, wale niliowafelisha kwa kosa hili hili nitawaambia nini?"

Rochelle akatoka, akampita bila kumwona.

"Hongera, nafasi ni yako," Dokta Pruitt alimwambia Delaney, kisha akashusha sauti. "Ila hujatimiza miaka kumi na minane. Hospitali haikupokei bila saini ya mzazi, na fomu inatakiwa leo."

"Nakuletea sasa hivi."

"Sasa hivi? Mzazi wako yuko karibu?"

"Karibu," Delaney akasema, akaichukua fomu.

Alimkuta Rochelle amekaa kwenye ngazi za nje, viatu amevua, analia bila kujificha.

"Mstari wa kwanza, Del. Nimeanza mstari wa kwanza kama mjinga! Wewe si ulikuwa nyuma yangu? Hukuona?"

"Sikuona."

Kisha Delaney akamwekea fomu na kalamu mapajani.

"Saini ya mzazi ni hapo chini, Mama."

Rochelle akaisoma yote, akajipangusa macho. "Angalau nafasi imebaki nyumbani," akasema, akamsainia bintiye.