Bluu ya Adhuhuri

Kidole cha Yusra kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Ripoti ilitakiwa jioni, na vipimo vya mchana vya tangi la majitaka ya kiwanda cha mkonge, hapo Ngombezi, vilikuwa vinamuumbua. Hesabu zake za kompyuta zilisema fosforasi itashuka. Chupa za sampuli zilionyesha imepanda. Ijumaa ndiyo ilipanda zaidi.

Vipimo vibovu hivi, akajisemea.

Ghafla mashine ya kupuliza hewa tangini ikanyamaza.

Akageuka. Mzee wa mitambo alishavua mabuti, anatandika mkeka kando ya tangi.

"Mzee, mbona umezima?"

"Adhuhuri hii, mwanangu. Nitaswalije na mashine inanguruma? Nazima kila siku."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa naenda msikitini. Nawasha nikirudi."

Yusra akainamia tangi. Mapovu yalipasuka moja moja, mpaka maji yakatulia kama uji uliopoa. Humo ndani bakteria wake, wanaomeza fosforasi wakipata hewa, walikuwa wameikosa hewa hiyo. Na wakiikosa, hutapika walichomeza.

Akasubiri kidogo, akachota chupa moja, akatia dawa ya kupimia. Fosforasi ikizidi, bluu hukolea. Ikakolea mbele ya macho yake, ikawa nzito kama wino.

Hesabu zake zote hazikuwa na swala hata moja.

Mzee akatoa salamu, kulia, kushoto, akainuka kwenda kwenye swichi.

"Mzee wangu," Yusra akasema haraka, mkono ukitafuta chupa ya pili kabla mashine haijawashwa, "na sunna je?"